Wino na rangi za maji kwa watoto wa shule ya msingi: niliharibu picha 38 ndani ya kipindi kimoja, njooni mjifunze

Brashi_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafundisha sanaa watoto wa shule ya msingi. Kabla sijashauri chochote naanika aibu yangu kwanza, mtu asije akadhani nilizaliwa nikijua.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwapa watoto wa darasa la tatu kazi ya kuchora ndege kwa wino. Walichora vipindi viwili vizima. Manyoya, kucha, jicho lenye kile kidoa cheupe kinachompa uhai, mtu ungependa. Kipindi cha tatu nikagawa rangi za maji. Mtoto wa kwanza alipogusisha brashi kwenye bawa, mstari ukaanza kutoa moshi. Nasema moshi kwa sababu ndivyo ulivyoonekana: wino ulijinyonganyonga ndani ya rangi ya njano, ukapanda shingoni, na punde ndege mzima akawa kijivu. Nikapaza sauti "acheni!" wakati darasa zima lilikuwa limeshachovya. Picha 38. Kuna binti mmoja hakusema neno, aliifunika tu picha yake kwa mikono miwili.

Kosa lilikuwa langu. Kalamu nilizigawa bila kuzijaribu. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, kama wa kalamu nyingi za felti na za kujaza wino. Hata ukikauka, ukiurudishia maji unaamka. Na kuna wino wa masizi, yaani punje laini sana za kaboni zilizoshikiliwa na shelaki (utomvu wa wadudu) au akriliki (gundi ya plastiki). Huo ukikauka umekauka, pitisha maji utakavyo. Machoni zote ni nyeusi tu.

Tangu siku ile, somo la kwanza la mwaka kwangu ni mahakama ya kalamu. Kila mtoto anapiga mstari kwa kila kalamu iliyopo darasani, anaandika jina la kalamu pembeni, tunasubiri, kisha anapitisha brashi yenye maji juu ya mistari yote. Inayovuja imehukumiwa. Wanaipenda hiyo kazi kuliko kuchora kwenyewe, na mimi sijapoteza tena ndege hata mmoja.

Sasa hoja yangu. Tunapofundisha rangi za maji tunakimbilia rangi: njano na bluu inatoa kijani, nyekundu na njano inatoa chungwa. Hayo mtoto atayagundua mwenyewe kwa robo saa. Kinachomshinda ni maji. Nina wiki mbili ambazo watoto hawagusi rangi yoyote zaidi ya moja, wanajifunza brashi ina maji kiasi gani na karatasi ina maji kiasi gani. Basi.

Tuna majina yetu darasani. Brashi ikitoka kwenye kopo inadondosha: hiyo inalia. Ukiikung'uta ukingoni mwa kopo ikabaki inang'aa bila kudondosha: inatoka jasho. Ukiigusisha kwenye kitambaa ikawa na unyevu tu: ina kiu. Brashi inayolia ni ya anga na bahari. Ya jasho ndiyo ya kazi nyingi. Yenye kiu ni ya kunyonya, ukikosea unaigusisha pale penye dimbwi, inakunywa.

Karatasi nayo ina hali zake. Ikiwa na maji mengi inang'aa kama kioo. Ikianza kukauka mng'aro unaondoka lakini ndani bado mbichi, na hapo ndipo ajali zote hutokea. Weka mgongo wa kiganja juu yake bila kusugua: ukihisi baridi, haijakauka, ondoka. Darasani utaona watoto 30 wanapapasa karatasi kwa migongo ya viganja kama madaktari wanaopima homa.

Na kanuni inayobeba yote ni moja: maji hukimbilia palipo pakavu zaidi. Karatasi ikiwa na maji kuliko brashi, rangi inasambaa taratibu, unapata mawingu. Brashi ikiwa na maji kuliko karatasi inayokaribia kukauka, maji mapya yanaisukuma rangi ya zamani pembeni, unapata lile doa lenye kingo za kuchanikachanika ambalo hukulipanga. Mtoto wa miaka minane anaielewa hii kabisa akiiona mara tatu.

Mengine nitajazia chini huko. Naomba kuwasilisha.

kibogoyo77

Nimekaa mbele na daftari. Mkuu swali la kizembe: kwa nini usiwape bolipeni za kawaida yakaisha? Yangu nimeimwagia maji hapa haijatoa moshi.

Brashi_Kavu

@kibogoyo77 si la kizembe. Wino wa bolipeni una asili ya mafuta, ndiyo maana maji hayaufanyi kitu. Ukikosa kingine, tumia. Shida zake ni mbili. Mstari wake una unene uleule mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mtoto haoni mkono wake ukifanya tofauti yoyote. Na watoto hukandamiza. Bolipeni ikikandamizwa inachimba mfereji, rangi ikija inajaa humo, unapata mistari miwili badala ya mmoja.

Fundi Penseli

Mwalimu nakuheshimu, ila mbona sijaona penseli popote? Unampa mtoto wa miaka tisa wino moja kwa moja, akikosea je? Mimi miaka yote tunaanza na penseli nyepesi, tunapitisha wino juu, wino ukikauka tunafuta penseli. Michoro inatoka safi.

Brashi_Kavu

Inatoka safi na inatoka imekufa, Fundi. Samahani, nasema kwa upendo.

Mtazame mtoto anayepitisha wino juu ya penseli. Hamtazami tena ndege, anaufuata mstari wake wa jana, roho juu asitoke nje. Halafu kile kifutio. Kikisugua kinachubua uso wa karatasi, na karatasi nzuri ya rangi za maji hutiwa gundi nyembamba kiwandani ili isinywe maji haraka. Ukiichubua, palepale rangi inazama kama kwenye sponji, doa jeusi halitoki.

Kuhusu kukosea: kuna mvulana alidondosha tone zito la wino katikati ya ukurasa, akaanza kububujikwa machozi. Nikamwambia asubiri likauke halafu aniambie ni nini. Akaliongezea miguu sita na papasi mbili, likawa mbawakawa. Nikamsifu mbele ya darasa, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la pili. Kipindi kilichofuata nilikusanya mbawakawa 14 na chupa nzima ya wino imekwisha.

Fundi Penseli

Hahaha, hapo kwenye mbawakawa 14 umenimaliza. Ila sikubali yote. Kuna watoto waoga kweli, karatasi nyeupe na wino vinawagandisha. Nimeshaona mtoto amekaa dakika ishirini kalamu iko hewani. Huyo nampa penseli, vidoa vichache tu vya kumwonyesha kichwa kiishie wapi na miguu ianzie wapi. Si mchoro kamili.

Brashi_Kavu

Vidoa nakubali. Hiyo naichukua.

Mwl Mstaafu

Vijana wangu, mmeongea vizuri wote ila mnamsahau mtoto wa darasa la kwanza na la pili. Vidole vyake bado havijakomaa kwa mstari mwembamba. Kwa hao mimi nilikuwa nageuza mambo: rangi kwanza, wino baadaye.

Karatasi kubwa, brashi nene ya duara, brashi inayolia kama anavyosema mwenzenu. Waache waweke madoa makubwa ya rangi mbili au tatu, yagusane, yaingiliane. Kesho yake, vikiwa vimekauka kabisa, wape kalamu: "Tafuta ni nani amejificha humu." Mmoja anaona tembo, mwingine kiatu. Wanazungushia mstari. Zingatia faida yake: hapo hata kalamu zile zilizohukumiwa kwenye mahakama zinafaa, kwa sababu hakuna maji yatakayokuja tena juu yake.

Halafu msiwasumbue kuhusu umbali na ukubwa. Viktor Lowenfeld, aliyechunguza sana michoro ya watoto, aliweka umri wa takriban miaka saba hadi tisa kuwa kipindi ambacho mtoto ana michoro yake maalumu ya kila kitu, na anapanga watu na nyumba juu ya mstari mmoja wa ardhi chini ya ukurasa. Anga anaiweka utepe mwembamba juu kabisa, katikati anaacha hewa tupu. Mwalimu mgeni anakimbilia kusahihisha, "anga inashuka mpaka chini!" Mwache. Akifika miaka tisa, kumi, atakuja mwenyewe kukuuliza kwa nini milima yake haionekani mbali. Siku hiyo ndiyo unamwonyesha kwamba rangi ikiongezwa maji inafifia, na kilichofifia kinarudi nyuma.

MamaMapacha

Shikamoo Mwalimu Mstaafu. Mimi si mwalimu, ni mzazi tu, nina mapacha wa miaka saba. Maswali yangu: 1) Kila wakipaka, mwisho wa picha ni tope. Kila kitu kahawia. 2) Mmoja analamba brashi ili iwe na ncha. Atadhurika? 3) Picha yao nzuri kuliko zote niliibandika karibu na dirisha, sasa waridi limepotea kabisa, limebaki jani. Rangi mbovu?

Mwl Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la tope nimwachie mwenye uzi.

La kulamba, mkomeshe leo. Rangi za watoto zenye alama za usalama, kama AP ya Marekani au EN 71 ya Ulaya, zimepimwa na hazitamdhuru kwa kulamba kidogo. Ila tabia hiyo atakua nayo, na baadhi ya rangi za wasanii wakubwa zina kadimiamu na kobalti, metali zinazoweza kudhuru. Mfundishe kuinyonga ncha kwenye ukingo wa kopo huku akiizungusha. Inatoka kali kuliko ya mate.

La dirisha: baadhi ya rangi hazivumilii mwanga, na waridi na zambarau za bei rahisi ndizo hutangulia. Hata za kale hulindwa. Mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer alichora sungura kwa rangi za maji mwaka 1502, unaona unywele mmojammoja, na jumba la makumbusho la Albertina kule Vienna huonyesha mchoro wenyewe kwa muda mfupi tu, kisha unarudishwa gizani kwa miaka. Sasa wewe umemweka wako juani! Hamishia ukuta wa pembeni.

Brashi_Kavu

@MamaMapacha tope lina sababu tatu, na huenda unazo zote.

Ya kwanza ni maji machafu. Kopo mbili kwa kila meza, si moja: la kuoshea na la kuchotea maji safi. La kuoshea litakuwa jeusi, sawa, ila lile la pili likianza kubadilika rangi, simamisha kazi mbadilishe.

Ya pili ni rangi nyingi. Mboksi una vidonge 24 vya rangi na mtoto anataka kuwasalimia wote. Mimi natoa vitatu, njano, nyekundu na bluu, vingine vinabaki kabatini. Na hapa kuna siri ndogo ya bluu. Bluu inayoelekea kijani ukiichanganya na njano inatoa kijani kinachong'aa. Bluu inayoelekea zambarau ina wekundu ndani yake, hivyo ukiitia njano umekutanisha rangi zote tatu bila kujua, na zote tatu zikikutana ndipo tope linapoanza. Kama kijani cha wanao ni cha kusononeka, badilisha bluu kabla hujamlaumu mtoto.

Ya tatu, wanarudiarudia. Rangi za maji zimeshikwa na gundi ya mti wa mgunga, na gundi hiyo haikomi kuyeyuka. Ndiyo maana kidonge kilichokauka mwaka jana ukikitia maji leo kinaamka, na ndiyo maana rangi ya chini ukiisugua mara ya nne inaamka nayo, inaingia kwenye ya juu. Darasani sheria ni mipapaso miwili kisha mkono juu. Mtoto anaona inachekesha, anainua mkono kweli.

Na nyeusi nimeiondoa kabisa kwenye vidonge. Weusi ni kazi ya wino. Nyeupe vilevile: nyeupe ni karatasi. Ukitaka mwezi, usiupake, uache. Watoto wanaona hili ni uchawi, hasa ukiwapa kipande cha mshumaa wachore nacho nyota kwanza halafu wapake anga juu, nta inayakataa maji na nyota zinajitokeza.

Tete

Uzi mtamu huu. Naongezea kuhusu kalamu. Neno lenyewe, kalamu, limetujia kutoka Kiarabu, qalam, na asili yake ya Kigiriki ni tete, lile la kando ya maji. Yaani kalamu ya kwanza ilikuwa jani mtoni, na bado inafanya kazi. Mchoraji Rembrandt aliitumia, na mwenzake Van Gogh mwaka 1888 kule Arles, Ufaransa, alichora mashamba kwa kalamu za matete alizozichonga mwenyewe.

Kata tete lililokauka, urefu wa penseli. Chonga ncha kwa mshazari, kwangua ule utando laini wa ndani, kisha pasua mpasuko mmoja mfupi katikati ya ncha ili wino uteremke. Kisu ni cha mwalimu, si cha mtoto! Uzuri wake ni kwamba tete halibebi wino mwingi. Mstari unaanza mzito, ukienda kidogo unakauka na kuwa wa mchakachaka. Wape wachore mbuzi, manyoya yanajichora yenyewe kwenye ule ukavu. Watoto wanajifunza kungojea wino uishe badala ya kuchovya kila sekunde.

kibogoyo77

Kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikiita peni "kalamu" kumbe naita jani la mtoni. Sawa.

Fundi Penseli

@Tete safi sana. Angalizo moja kwa wote: huo wino wa shelaki usiutie kwenye kalamu ya kujaza wino, utaganda ndani na kalamu ndiyo basi. Na brashi iliyogusa wino ioshwe hapohapo. Nimezika brashi nyingi. Nguoni pia hautoki, kwa hiyo mashati makuukuu, yavaliwe kinyumenyume, vifungo mgongoni.

Darasa52

Wakuu naomba msaada wa haraka. Nina watoto 52, hakuna bomba darasani, karatasi niliyonayo ni ile ya kuchapia ya gramu 80 (uzito kwa mita ya mraba). Ikiguswa na maji inakuwa mawimbi kama bahari. Ninunue ya gramu 300? Siwezi kwa watoto wote hao. Na kipindi ni dakika 40.

Brashi_Kavu

@Darasa52 ya gramu 300 ni nzuri lakini ya gramu 200 inatosha kwa shule, na ukiikata nusu unaongeza idadi. Ya 80 itakusumbua kwa sababu nyuzi za karatasi zikilowa zinavimba, na karatasi nyembamba haina pa kupeleka huo uvimbe ila juu. Usiitupe. Itumie kwa mahakama ya kalamu, mazoezi ya wino mtupu, na kujaribia rangi pembeni.

Mimi hukata A4 vipande vinne. Kipande kidogo kinakauka haraka, na mtoto anamaliza picha ndani ya kipindi.

Mwl Mstaafu

Hapo tutagombana. Kipande cha ukubwa wa kadi ya posta kwa mtoto wa miaka sita ni kumfunga mkono. Yeye anachora kwa bega, si kwa vidole. Vinne kwa madarasa ya juu, sawa. Wadogo wape angalau nusu ya A4, na kama huna basi wawili wachore moja kubwa pamoja, wagombane wapatane.

Brashi_Kavu

Nimeinamisha kichwa, Mwalimu. Nusu ya A4 kwa wadogo.

@Darasa52 maji: ndoo moja safi, ndoo moja ya kumwagia, na watoto wanne wa zamu. Wengine hawainuki. Makopo yawe mafupi yenye kitako kipana, yajazwe theluthi tu, maana kopo refu lililojaa litaanguka, swali ni dakika ya ngapi. Kipindi cha 40 kigawe siku mbili: wino leo, rangi kipindi kijacho. Ukilazimisha vyote siku moja hata wino mzuri utavuja, kwa sababu penye mstari mnene juu umekauka na ndani bado mbichi.

Picha zilizojikunja: lowesha mgongo wa karatasi kidogo tu, ilaze katikati ya karatasi safi, gandamiza na vitabu vizito usiku kucha.

Darasa52

MREJESHO kama nilivyoahidi PM (ujumbe wa faragha).

Wiki ya kwanza mahakama ya kalamu. Kalamu 11 zilishtakiwa, 7 zilihukumiwa, ikiwemo niliyosainia ripoti za watoto wote. Wiki ya pili maji, rangi moja tu, bluu. Walilalamika siku ya kwanza wakitaka nyekundu, siku ya pili wakasahau. Makopo yalimwagika mara tatu, yote kwenye meza moja, nimeitenganisha.

Wiki ya tatu tulichora majani tuliyookota uwanjani. Wino bila penseli. Nilitembeza vidoa vya Fundi kwa watoto sita waliogoma, wakaendelea. Rangi tukaweka kipindi kilichofuata. Kati ya 52, tatu tu zilivuja, nadhani walibadilishana kalamu chini ya meza.

Sasa la kuchekesha. Nilikuwa naonyesha ubaoni jinsi ya kufifisha rangi kuelekea ncha ya jani, nikajiona bingwa. Kuna katoto kafupi ka mbele kakanyoosha mkono: "Mwalimu, brashi yako inalia." Kabla sijageuka tone lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye kikonyo.

Brashi_Kavu

Brashi yenye kiu, mkuu, haraka, kabla mng'aro haujaondoka!

Darasa52

Kalishanipa ya kwake.